Kurasa 34 bila Picha: Uhakiki wa Ripoti Moja ya Mafunzo Kazini

Kila mwaka idara yetu hupokea ripoti nyingi za mafunzo kazini. Husomwa na watu wawili, hutiwa alama, kisha huwekwa kabatini. Sijapata kuona hata moja iliyohakikiwa. Tunahakiki tamthilia, tunahakiki diwani, tunahakiki hata matangazo ya sabuni, lakini maandishi marefu kuliko yote ambayo mwanafunzi wetu huyaandika kwa Kiswahili chake mwenyewe kabla ya tasnifu tunayaacha yapite kama risiti ya basi. Makala haya yanahakiki ripoti moja. Mwandishi wake ameniruhusu kuijadili kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala kituo chake, nami sharti hilo nitalitimiza.

Mwanafunzi huyu wa mwaka wa pili alipelekwa kwa wiki nane katika jumba moja la sanaa jijini Kampala. Wenzake walikwenda redioni, magazetini, shuleni na katika ofisi za tafsiri. Yeye alikwenda kwenye jumba la sanaa kwa sababu nafasi za redio zilikuwa zimekwisha. Aliporudi, ripoti yake ilijadiliwa katika kikao cha idara, na baadhi ya walimu wenzangu, watu ninaowaheshimu, wakatoa shauri kwamba majumba ya sanaa yafutwe kwenye orodha yetu ya vituo, kwa kuwa mwanafunzi wa Kiswahili hana la kufanya huko. Ushahidi wao ulikuwa ripoti hii hii. Nimeisoma mara mbili, na ushahidi ninaouona mimi ni mwingine kabisa.

Ripoti ina kurasa 34. Shukrani zimechukua ukurasa mmoja na nusu. Zinaanzia kwa Mwenyezi Mungu, zinapita kwa wazazi, kwa shangazi aliyetoa nauli, kwa mkuu wa idara, na kuishia kwa mlinzi wa getini. (Mlinzi huyo ana bahati: ndiye mtu pekee katika ripoti nzima ambaye sura yake imeelezwa.) Baada ya shukrani kuna historia ya kituo, ambayo kwa ufasaha wake wa ghafla inaonyesha kwamba ilitafsiriwa kutoka kwenye kipeperushi. Kuna muundo wa uongozi, wenye visanduku na mishale, ingawa kituo kina wafanyakazi watano tu. Halafu inafuata shajara ya wiki nane. Jumatatu alifuta vumbi. Jumanne alipokea wageni na kuwaomba watie saini kitabuni. Jumatano alisaidia kufunga picha mbili kwa karatasi na kamba. Mwisho tunapata changamoto na mapendekezo: muda ulikuwa mfupi, nauli ilikuwa ghali, kompyuta ilikuwa moja.

Yeyote aliyewahi kusahihisha ripoti hizi anajua kwamba hapa hakuna kosa la mtu mmoja. Huu ni utanzu wenye kanuni zake, na mwanafunzi wetu amezifuata barabara, kama mtunzi wa shairi la arudhi anavyofuata mizani. Kanuni hizo hakuzitunga yeye. Amezirithi kwa waliomtangulia, maana ripoti za zamani huazimwa na kunakiliwa mabwenini hadi karatasi zinachakaa.

Lakini kuna jambo moja ambalo kanuni hizo haziwezi kulifunika. Neno “picha” limetokea karibu katika kila ukurasa. Picha zilibebwa, zilipanguswa, zilifungwa, ziliandikwa kwenye leja, ziliuzwa. Hakuna hata moja iliyotazamwa. Msomaji anafika ukurasa wa 34 bila kujua picha yoyote ilichora nini, kwa rangi gani, na mwandishi alihisi nini alipokuwa peke yake nayo asubuhi kabla ya wageni. Ninasema hakuna, ila nauacha nje ukurasa wa 19, ambao nitaufikia baadaye.

Kinachonishangaza ni kwamba kijana huyu si bubu. Nimewahi kusoma kazi yake ya uhakiki wa ushairi, kurasa kumi zilizopangwa vizuri, na humo ametumia neno “taswira” zaidi ya mara ishirini. Aliona taswira mahali ambapo palikuwa na maneno matupu. Alipowekwa mbele ya taswira yenyewe, iliyotundikwa ukutani na kumulikwa kwa taa, akageuka karani wa ghala. Nadhani hakuna aliyemwambia kwamba kazi ni ile ile: kutazama kwa makini, kutaja unachokiona kwa neno lake, kisha kueleza kwa nini kiko vile. Sisi tumezoea kufundisha uhakiki kama jambo la vitabu tu, na mwanafunzi ameamini hivyo.

Tuanze na jina la mahali. Ndani ya ripoti hii kituo kinaitwa “jumba la sanaa”, “jumba la maonyesho”, “makumbusho” na, mara mbili, “matunzio”, neno ambalo nashuku amelitoa kwenye simu yake, maana ndilo linalotumika humo kwa mahali pa kuwekea picha. Wapo watakaosema haya ni mambo madogo. Makumbusho ni mahali pa kuhifadhi. Kinachoingia humo kwa kawaida hakiuzwi. Jumba la sanaa la aina aliyofanyia kazi ni duka, hata kama duka hilo lina ukimya wa kanisa. Mwandishi anayeyachanganya haya mawili hawezi kueleza kwa nini picha iliyokuwapo Ijumaa haikuwapo Jumatatu, na kwa kweli hakueleza.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba Kiswahili ni mgeni katika majumba haya. Mwaka 1965 jijini Nairobi lilianzishwa jumba la sanaa lililopewa jina la Paa ya Paa. Mmoja wa waanzilishi wake ni Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania aliyesomea sanaa Makerere. Maana inayokusudiwa ni kwamba mnyama paa anapaa, anainuka juu. Mwalimu wa sarufi atasimama mlangoni na kukunja uso. Kama ni wakati wa -a-, ingefaa iandikwe “yapaa” kwa neno moja. Na kwa kuwa paa ni mnyama, wengi wangetaka “apaa”. Kwa jinsi ilivyoandikwa, “ya” inaonekana kama kihusishi, na mtu anaweza kujiuliza ni paa wa paa yupi, au kama panazungumzwa habari ya mapaa ya nyumba. Mimi nimekuwa nikiwapa wanafunzi jina hilo kama zoezi, na hakuna zoezi linalowachangamsha zaidi. Jengo liliungua mwaka 1997, lakini jina lilibaki. Jina hilo limefanya kile ambacho kibao cha mlangoni kinapaswa kufanya: linamsimamisha mpita njia. Njau mwenyewe alifahamika kwa kuwakataza wasanii kuigiza kazi za wenzao, onyo ambalo lingefaa pia kubandikwa juu ya mashine za kunakilia zilizo karibu na mabweni yetu.

Sasa nirudi kwenye ripoti. Katika wiki ya tano msimamizi wa jumba alimwomba mwanafunzi aandae lebo za Kiswahili kwa kazi 12 zilizokuwa ukutani, yaani vile vikadi vidogo vinavyobandikwa kando ya picha kutaja jina lake, msanii na vitu vilivyotumika. Hii ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Kwa wiki nane, hapa ndipo mahali pekee ambapo jumba lilimhitaji yeye, na si mtu yeyote mwenye mikono miwili na kitambaa cha kufutia vumbi. Ripoti inaitaja kwa mistari mitatu. Lebo zenyewe zimetupwa nyuma, Kiambatisho cha Nne, baada ya nakala ya kitambulisho.

Nimezisoma zote 12. Nne zinafaa kama zilivyo. Nane haziwezi kubandikwa popote, na inafaa tuone kwa nini.

Picha tatu zimeelezwa kuwa ni “Mafuta juu ya Turubai”. Kila neno lipo kwenye kamusi na jumla yake ni ajali ya barabarani. Turubai ni lile linalofunika shehena ya lori. Waganda wanalo pia, wanaliita ttundubaali, na hulitandaza juu ya wageni siku za arusi na za msiba. Mafuta yaliyo juu ya turubai yanataka kufutwa. Mwandishi alichukua maneno ya Kiingereza moja baada ya jingine na kuyapanga kwa mstari ule ule. Laiti angetoka nje ya geti na kumuuliza fundi yeyote wa kupaka rangi nyumba, angepewa jibu bure, kwa kuwa mafundi hao wamekuwa wakisema “rangi ya mafuta” na “rangi ya maji” miaka yote, na kila mwenye nyumba anajua ipi ni ya milango na ipi ni ya ukuta. “Rangi ya mafuta kwenye kitambaa” ingetosha. Hapo tatizo dogo linabaki: “rangi ya maji” ya fundi wa nyumba si ile ya mchoraji wa karatasi. Lakini karatasi ikitajwa kwenye lebo, hakuna atakayedhani ni ukuta.

Ya pili inachekesha, nami nakiri nilicheka. Kazi moja iliyoshonwa kwa nguo, waya, uzi na rangi imeandikiwa “Vyombo vya Habari Mchanganyiko”. Neno moja la Kiingereza linabeba magazeti na redio, na hilo hilo linabeba vitu anavyotumia msanii. Mwanafunzi akalichukua lile aliloletewa na somo la uandishi wa habari. Hapa Kiswahili hakina haja ya istilahi yoyote. Vitaje vitu: “Nguo, waya, uzi na rangi.” Msomaji anapata habari nyingi zaidi kuliko ile aliyoipata anayesoma Kiingereza.

Ya tatu ni sanamu ya mtu, ya mti, ambayo msanii hakuipa jina. Lebo inasema “Isiyo na Kichwa”. Sanamu hiyo ina kichwa. Nimekwenda kukitazama mwenyewe.

Ya nne haina kosa la kamusi, na ndiyo maana naiona ngumu kuliko hizo nyingine. Ni picha ya mwanamke aliyempakata mtoto mlangoni mwa nyumba, jioni, na jina lake ni “Mama na Mtoto”. Katika Afrika Mashariki maneno hayo matatu yana harufu ya kliniki: mizani ya kupimia uzito, foleni, kadi ya chanjo. Msanii hakuchora foleni. Jina la picha ni kama kichwa cha shairi, halitafsiriwi bila kuitazama kazi. Mwanamke yule hamtazami mtoto, anatazama barabara. “Mama Anamngoja Mtu” lingekuwa karibu zaidi na alichofanya msanii, ingawa kulibadili jina kiasi hicho kunahitaji idhini yake, na hilo nalo ni jambo ambalo mwanafunzi alipaswa kulijua na kuliuliza. Wasanii wetu hawaogopi sentensi. George Lilanga, Mtanzania aliyefariki mwaka 2005, aliyewahi kuwa mlinzi katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam kabla ya kujulikana duniani, alizipa picha zake nyingi majina ya Kiswahili, na mengine ni sentensi nzima zenye kitenzi na kituo.

Lebo zinazonisikitisha ni mbili za kazi zilizofanywa juu ya lubugo. Zimeandikwa “kitambaa cha gome la mti”, basi. Gome kwa wengi wetu ni lile la nje, kavu, linalobanduka. Lubugo hutoka kwenye ganda la ndani la mti wa mutuba. Huvunwa wakati wa mvua, shina likafungwa kwa majani ya migomba ili lipone na kuota ganda jipya, kisha kile kilichotolewa kikapigwa kwa nyundo za mti za aina mbalimbali, kwa saa nyingi, hadi kinyumbuke na kulainika na kupata ile rangi ya udongo mwekundu. Buganda ilivisha wafalme nguo hii na hadi sasa inafunikia maiti. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake ya urithi. Msanii wa leo anapochora juu yake, au anapoipasua na kuishona upya, hafanyi hivyo kwa kukosa kitambaa. Anafanya kazi juu ya sanda, au juu ya joho. Lebo isiyosema hivyo imemnyang’anya nusu ya picha. Wala neno halikukosekana. Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862 pamoja na wapagazi waliotoka pwani, aliiandika nguo hii kwa jina la mbugu katika kitabu chake cha mwaka 1863. Mimi ningeandika “lubugo” kama wenyewe wanavyosema, na chini yake maneno sita ya maelezo. Mwanafunzi huyu ni Mganda. Nyumbani kwao lubugo ipo. Aliiacha mlangoni mwa Kiswahili kama mtu anayevua viatu.

Hapa najua swali linalokuja, kwa maana liliulizwa kikaoni: lebo za Kiswahili jijini Kampala ni za nani? Wanunuzi wengi wanasoma Kiingereza, wenyeji wana Kiganda, na bei nyingine zimeandikwa kwa dola. Ni swali la haki. Wako Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi wanaoishi na kufanya biashara hapa, na sheria nayo inasogea: Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini mimi ninayo sababu nyingine ambayo naiona nzito kuliko hizo.

Kiswahili nchini Uganda kina masikio yanayokiogopa. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa. Watu wa umri wa wazazi wetu walikisikia zaidi kikitoka kwa mwenye bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 misako ya kukamata watu jijini ilipewa jina la maneno mawili ya Kiswahili, “panda gari”, na mpaka leo yapo majumba ambamo maneno hayo hayasemwi kwa mzaha. Tunapowafundisha vijana kuandika Kiswahili cha bungeni na cha kituo cha forodha, tunafanya vizuri, ila tunakirudisha mle mle walimokisikia kikitoka. Kikiandikwa kwa upole chini ya picha, mahali ambapo hakuna anayeamriwa kitu, kinasikika kwa namna ambayo hakijapata kusikika kwa wengi.

Nitatoa mfano ambao wengi wetu tunaweza kwenda kuutazama. Katika maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere ipo sanamu kubwa ya mti iliyochongwa na Francis Nnaggenda miaka ya 1980, inayojulikana kwa jina la Kiingereza War Victim. Ni mwili wa mtu aliyepoteza viungo na ambaye hata hivyo amesimama. Tuseme tumeombwa lebo ya Kiswahili. “Mhanga wa Vita”? Katika masikio yangu mhanga bado ana kivuli cha yule anayejitoa, na huyu hakujitoa, alitolewa. “Majeruhi” siku hizi ni mchezaji wa mpira atakayekosa mechi mbili. “Mwathirika” lilichukuliwa na kampeni za UKIMWI na halijarudi. “Mwathiriwa” ni la ripoti ya polisi. “Kinyago cha Vita” alipendekeza mwanafunzi mmoja darasani, na mwenzake akamjibu vyema kwamba kinyago hakivuji damu. Mimi naelekea kwenye “Aliyekatwa na Vita”, kwa kuwa kitenzi kinasema jicho linachokiona. Mwenye neno bora alilete, kijarida hiki kina nafasi. Ninachotaka kionekane ni kwamba ubishi huo ulichukua saa nzima ya somo, hakuna aliyesinzia, na uliwalazimisha vijana kuuliza wajomba zao maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza. Anayesema mwanafunzi wa Kiswahili hana la kufanya katika jumba la sanaa angekaa nasi saa hiyo.

Niufikie ukurasa wa 19. Wiki ya sita, mvua kubwa ya mchana, mama mmoja mfanyabiashara kutoka Bukavu anaingia kujikinga na mzigo wake. Hakuja kununua. Anazunguka, anasimama mbele ya moja ya zile kazi za lubugo na kumwuliza kijana kama hiyo ni ngozi ya ng’ombe. Kijana anamwambia hapana, mama, ni mti. Mama haamini. Basi kijana anaanza kueleza, na hapo ndipo, kwa nusu ukurasa, ripoti inaanza kupumua. Sentensi zinafupika. Mti unatajwa kwa jina. Nyundo zinasikika. Anaeleza kwamba babu yake alizikwa ndani ya nguo kama hii na kwamba msanii ameitoboa katikati na kuishona kwa uzi mwekundu, na mama anauliza kama huo uzi ni jeraha au ni mto. Kijana anaandika kwamba hakujua, na kwamba waliitazama wote wawili mpaka mvua ikakatika. Kisha aya inayofuata: Alhamisi alifuta vumbi.

Nusu ukurasa huo ndio uhakiki wa sanaa bora niliousoma kwa mwanafunzi wa idara hii kwa muda mrefu, na mwandishi wake hakujua kwamba anauandika. Haukupewa alama yoyote, kwa kuwa fomu haina mahali pake. Fomu inayojazwa na kituo inauliza juu ya kufika mapema, mavazi, utii na ushirikiano. Jumba likampa alama za juu sana, na nina hakika alizistahili. Fomu inayojazwa na chuo inauliza kama daftari la kazi za kila siku limetiwa saini. Hakuna fomu inayouliza mwanafunzi wa Kiswahili alifanya nini na Kiswahili. Kwa fomu hizo angeweza kupelekwa kwenye kituo cha mafuta akarudi na alama zile zile.

Kwa hiyo sikubaliani na shauri la kuvifuta vituo hivi. Kampala haina uhaba wa majumba ya sanaa. Nommo pale Nakasero lipo tangu mwaka 1964, Makerere wana lao, na yapo ya watu binafsi. Viendelee kuwamo, ila anayepelekwa aende na kazi iliyoandikwa: achague kazi tatu, akae na kila moja, azieleze kwa Kiswahili kwa mtu asiyeziona, aandike lebo na azijaribu kwa wageni kabla ya kuzibandika, amuulize msanii anaitaje kazi yake katika lugha ya kwao. Msimamizi kutoka chuoni akienda kumtembelea, aende kwenye ukuta kabla ya kwenda ofisini kunywa chai. Historia ya kituo na visanduku vya uongozi viwe kiambatisho, na lebo ziwe mwili wa ripoti. Suala la nauli nalo si la kupuuzwa. Kijana huyu alilipa usafiri wa wiki nane kwa fedha za shangazi yake ili afanye kazi bila malipo, na siku mbili hakwenda, kwa sababu ambayo ripoti inaiita “dharura” na ambayo kila mtu anaijua.

Orodha ya vituo itarudi kikaoni kabla ya muhula kufungwa. Wakati huohuo jumba lile limeandika barua kuomba mwanafunzi mwingine, ajue Kiswahili na awe na mwandiko mzuri. Mwandishi wa ripoti hii ameziandika upya zile lebo nane wakati wa likizo, bila alama yoyote, na ameniletea nakala. Ya sanamu ile sasa inasomeka: “Haijapewa jina. Mti wa mvule.”